Kuku Mweupe wa Deleitosa

Mzee amelazwa, amekwisha kufa. Wanawake wa nyumba yake wamemzunguka, nguo nyeusi, vitambaa vyeusi kichwani, na nyuma yao giza limeshika hata huoni mwili wa mtu unaishia wapi. Nyuso tu ndizo zimepata mwanga. Hakuna anayemtazama mpiga picha.

Picha hii ilipigwa mwaka 1950 katika kijiji cha Deleitosa, Extremadura, magharibi mwa Hispania. Aliyeipiga ni W. Eugene Smith, Mmarekani wa jarida la Life. Nilionyeshwa nikiwa bado najifunza kazi hii, na mwalimu wetu akasema tuangalie jinsi mgeni alivyoingia kwenye msiba wa watu wasioongea lugha yake akawa kama hayupo. Niliamini, na kwa miaka nilijaribu kuwa hivyo: mtu asiyeonekana, mwenye kamera.

Baadaye nikajua kwamba wanawake wawili walikuwa wanamtazama. Kwenye negativu, yaani filamu yenyewe ambayo picha huchapwa kutoka kwayo, macho yao yameelekea kwenye lenzi. Smith, ndani ya chumba cha giza cha kuchapia picha, aliyachapa macho hayo yakawa meusi kabisa, kisha akachukua brashi nyembamba na dawa ya kupaushia, akayachorea weupe mpya ili yaonekane yanatazama chini na pembeni. Kazi ya mkono, ya uvumilivu, iliyofanywa na mtu hodari. Hakuna aliyepiga kelele ilipochapishwa, kwa sababu hakuna aliyejua.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu mijadala mingi ya kupiga picha watu wa kijijini, hasa kijiji kisicho chako, huanzia na kuishia kwenye swali moja: uliomba ruhusa? Smith aliomba. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama mlangoni, akamwambia mtoto wa marehemu kwamba hataki kuivunjia heshima familia, akauliza kama anaweza kupiga picha. Akajibiwa kwamba itakuwa heshima kwao. Kwa hiyo kama ruhusa ndiyo kipimo, kisa kimekwisha, hakuna kosa. Mimi naona ndipo kinapoanzia.

Kwanza tumtendee haki. Smith hakuwa mtalii wa kupita. Alizaliwa Kansas mwaka 1918, akafuata vita vya Pasifiki na kamera mpaka akajeruhiwa vibaya Okinawa mwaka 1945. Mwaka 1948 alifuatana na daktari mmoja wa vijijini huko Colorado kwa zaidi ya wiki tatu, akatoa mfululizo ambao hadi leo wapiga picha wanausoma. Alipotumwa Hispania mwaka 1950 aliagizwa kuangalia hali ya chakula. Nchi ilikuwa mikononi mwa dikteta Jenerali Franco tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939, na chakula kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo. Smith alimwandikia mama yake kwamba anataka kupenya picha nzuri nzuri za kuvutia watalii afike kwenye umaskini na hofu, mambo ambayo yeye aliona chanzo chake hasa ni Franco. Hilo ni lengo la mtu mwenye moyo. Njaa ya Hispania ilikuwa ya kweli, na serikali ile haikupenda ionekane.

Akazunguka nchi kwa gari, pamoja na mkalimani na msaidizi, kilomita maelfu, akiacha kijiji hiki na kile mpaka akafika Deleitosa. Hapo pananikaa moyoni. Mtu anayeacha vijiji kadhaa ili apate kimoja anajua tayari anachokitafuta. Picha anayo kichwani, anatafuta watu wa kuijaza. Sisi sote tunaotoka mjini kwenda shamba la watu tunafanya hivyo, na tunakuita "kutafuta eneo".

Life ilichapisha kazi hiyo tarehe 9 Aprili 1951. Picha 17, katika jarida lililokuwa likitoa zaidi ya nakala milioni 5 kila toleo. Kichwa cha habari kilisema kijiji kinaishi katika umaskini wa kale na imani. Maandishi yaliyoandamana na picha yalieleza kwamba jina Deleitosa maana yake ni mahali pa kupendeza, na kwamba sasa hapapendezi tena. Yakasema maisha ya pale yamesogea kidogo tu tangu zama za kati.

Lakini soma maandishi yale yale hadi chini. Yanakiri kwamba karibu nusu ya nyumba 800 za kijiji zilikuwa na umeme, ingawa hafifu. Kwamba ofisini kwa meya kulikuwa na taipureta. Kwamba watu kadhaa walikuwa na redio zao. Kwamba jirani na uwanja mkuu palikuwa na ukumbi mdogo wa sinema, na mle zilionyeshwa filamu za Kimarekani! Fikiria hilo. Mwanamke aliyepigwa picha akilowesha nyuzi za kitani na kuzisokota kwenye kijiti, uso kama wa mtakatifu wa kwenye ukuta wa kanisa, huenda wajukuu zake walikwenda jioni ile kuangalia sinema kutoka nchi ya mpiga picha. Sinema haimo katika zile picha 17. Taipureta haimo. Redio haimo. Maneno yaliviruhusu vitu hivyo, picha zikavikataa, na msomaji akifunga jarida anakumbuka picha.

Madhara yake hayakuishia kwa Deleitosa, yalimfikia hata Smith. Yeye alitaka kusema: watu hawa ni maskini na wanaogopa, na yuko anayehusika. Ukishawaonyesha watu kana kwamba wametoka zama za kati, nani tena anahusika? Umaskini wa kale hauna mtuhumiwa. Maandishi ya Life yalitaja kijiji kisicho na historia, kisichopendelewa na ardhi, kilichopunguzwa na vita. Ardhi ikalaumiwa, vita vikalaumiwa. Franco akabaki kwenye maelezo ya picha moja tu yenye meno, ile ya askari watatu wa Guardia Civil waliovaa kofia zao ngumu za ngozi inayong'aa, jua likiwapiga usoni, nyuso zimekunjamana. Chini yake pameandikwa kwamba ni polisi wa Franco wa mashambani na kwamba wanakijiji wanawaogopa. Miaka miwili baadaye, Septemba 1953, Marekani ilitia sahihi mkataba na Franco wa kuweka kambi zake za kijeshi Hispania. Silaumu picha kwa mkataba. Nasema tu kwamba picha zenye uzuri ule, zilizokusudiwa kumshitaki mtu, zilifika kwa wasomaji zikiwa maombolezo yasiyo na mshitakiwa.

Nirudi kwenye macho, maana ndiyo kiini.

Waswahili tunasema mgeni ni kuku mweupe. Hana pa kujificha, kila mtu anamwona akitua. Smith, mwanamume mgeni mwenye kamera na mkalimani wake, katika chumba kidogo chenye maiti na wanawake wafiwa: ataachaje kutazamwa? Macho ya wale wawili yalikuwa sehemu ya tukio kama vile kitanda na maiti. Yalisema: kuna mtu hapa ambaye si wetu, naye ameshika kitu. Pengine yalisema, huyu ni nani? Pengine yalisema, basi, umetosha. Sisi hatuwezi kujua tena, kwa sababu aliyegeuza macho aligeuza na kauli. Ruhusa ilitolewa na mtoto wa kiume mlangoni. Wanawake ndani, waliokaa na marehemu, kauli yao pekee iliyobaki kwenye filamu ilikuwa ule mtazamo, nao ukafutwa kwa brashi.

Najua jibu la wapiga picha, nimelitoa mwenyewe mara nyingi. Kwamba mtu akitazama kamera "picha inakufa". Kwamba msomaji anatolewa kwenye tukio. Kwamba ukweli mkubwa wa msiba ule haukubadilika, kwani waliohuzunika walihuzunika kweli. Smith hakuficha imani yake kwamba mpiga picha ana haki ya kupanga vitu ili ukweli anaouona utoke vizuri zaidi. Sikubaliani naye hapa. Akipanga meza ili mwanga uingie, sawa. Lakini alichokigeuza ni ushahidi wa kuwapo kwake mwenyewe. Kati ya vitu vyote vilivyokuwemo chumbani, alichagua kumfuta kuku mweupe.

Nieleze na langu, kwa sababu bila hilo nisingekiona kisa hiki kama ninavyokiona.

Mimi ni mtu wa Tanga. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mbulu, msimu wa kuvuna maharage, kupiga picha za kazi za shamba. Ni Tanzania ile ile, lakini pale mimi ni mgeni kamili: Kiiraqw sijui hata salamu, baridi ile sijaizoea, na bibi niliyefikia nyumbani kwake Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye alikuwa mkalimani. Bibi alikuwa anapiga maharage kwa fimbo juu ya turubai, gauni limefifia, sweta limetoboka kiwiko, maganda makavu yakiruka na kushika nywele zake. Mwanga ulikuwa wa jioni. Nilipiga kama mwendawazimu.

Akasimama, akasema neno. Mjukuu akanitafsiria: "Bibi anasema umngoje kidogo."

Akaingia ndani. Alipotoka amevaa gauni la kitenge la kanisani, kitambaa kipya kichwani, na viatu. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya mlango, mikono magotini, akanitazama usawa wa uso. Nikapiga fremu mbili, kwa adabu tu. Nilijua sitazitumia. Jioni ile kadi ilipojaa nilizifuta, pamoja na nyingine zote ambazo watu walikuwa wananitazama.

Picha ya maharage ilipendwa. Ilitundikwa kwenye maonyesho, ikachapishwa kubwa. Niliporudi Mbulu nikambebea bibi nakala yake, kwenye bahasha ngumu isikunjike, na nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiangalia. Akaigeuza nyuma, kana kwamba nyingine huenda iko upande wa pili. Kisha akauliza swali fupi, na mjukuu akakaa kimya kidogo kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza ile ya kwenye kiti iko wapi."

Sikuwa na jibu. Nikasema itakuja. Ilibidi nimpige nyingine siku hiyo hiyo, amevaa gauni lile lile, kwenye kiti kile kile. Alikubali, lakini hakunitazama kama mara ya kwanza.

Ndiyo maana kila nikizifungua picha za Deleitosa sasa, siendi kwanza kwenye msiba. Naenda ukurasa wa mwanzo, kwa msichana wa miaka 7 aliyevaa gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza. Yuko nje ya nyumba, watoto wa jirani wanamkodolea macho, anamngoja mama yake afunge mlango ampeleke kanisani. Hiyo ndiyo picha pekee katika zile 17 ambayo naona kijiji kilichagua chenyewe kuvaa nini. Mama yule alihangaika kwa gauni lile. Katika kurasa zinazofuata yumo mdogo wake wa miaka 5, akizoa samadi ya punda mtaani ikatiwe kwenye vishamba vya familia. Zote mbili ni za kweli. Lakini kama ungemuuliza mama yule picha ya kutundika ukutani, na kama ungemuuliza mhariri wa New York picha ya kueleza umaskini, kila mmoja angenyoosha kidole kwa mtoto wake.

Hapo ruhusa inakuwa neno gumu. Mtoto wa marehemu aliposema ni heshima, nadhani alimaanisha heshima kweli: mtu ametoka mbali, amesimama kwa adabu, anataka kumkumbuka baba yangu. Aliruhusu picha ya baba. Je, aliruhusu baba yake awe mwisho wa habari inayosema kijiji chao hakipendezi tena? Aliruhusu nakala milioni 5? Jibu lake lilikuwa la mlangoni, kwa mtu aliyemwona mbele yake. Vilivyofuata vilitokea ng'ambo ya bahari, kwenye chumba cha giza na meza ya wahariri, na huko hakuna aliyepiga hodi tena.

Liko na jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hulipitia haraka, nami naliona zito kuliko ile brashi. Life ilikitaja kijiji kwa jina. Maelezo ya picha yalitaja watu kwa majina, na umri wao. Kwenye makala hiyo hiyo inayosema watu wanaogopa polisi! Kama hofu ilikuwa ya kweli, na Smith aliamini hivyo kuliko mtu yeyote, basi majina yale yalikuwa mzigo waliotwishwa watu ambao wasingeweza kuutua. Yeye alimaliza kazi akatoka kwenda Ufaransa, na filamu zikafika salama. Wao walibaki na wale askari watatu. Mgeni hulipia picha kwa nauli na usingizi, mwenyeji huilipia baadaye, kwa muda ambao mgeni hajui urefu wake. Deleitosa wakati ule ilikuwa na watu wapatao 2,300. Leo hawafiki 1,000, na bado dunia ikikitaja kijiji hicho inataja mwaka mmoja wa maisha yake.

Je, ingewezekana vingine? Naamini ndiyo, na ushahidi uko katika maisha ya Smith mwenyewe. Mwaka 1971 yeye na mkewe Aileen, ambaye alijua Kijapani, walikwenda Minamata, pwani ya kusini mwa Japani, ambako familia za wavuvi zilikuwa zimetiwa sumu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha Chisso. Hawakukaa wiki kadhaa. Walikaa miaka mitatu, wamepanga nyumba kijijini, wanakula wanachokula majirani. Januari 1972 Smith alikwenda pamoja na wagonjwa kwenye kiwanda kingine cha kampuni hiyo karibu na Tokyo, na akapigwa akaumizwa vibaya na wafanyakazi wa kampuni. Safari hii mtuhumiwa alikuwa na jina, na picha zilimtaja. Na mgeni naye alilipa sehemu ya gharama kwa mwili wake.

Hata huko haikuwa kazi safi. Picha mashuhuri kuliko zote, ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ulemavu uliotokana na ile sumu, ilizunguka dunia kwa miaka hata baada ya binti kufariki mwaka 1977. Wazazi walikuwa wameikubali. Lakini baadaye walichoka kumwona mtoto wao kila mahali, wakatamani apumzike. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Aileen, aliyekuwa na haki za picha hiyo baada ya kifo cha mumewe, aliwaachia wao uamuzi na kusitisha matumizi yake. Wapo waliolalamika kwamba dunia imenyang'anywa picha kubwa. Mimi nadhani Aileen alielewa kwamba ruhusa ya mwaka 1971 ilikuwa ya mwaka 1971.

Siku hizi ninapokwenda kijiji kisicho changu napiga kwanza picha ya kiti, kabla ya zangu. Kila mtu kwa nguo anayoitaka, akitazama anakotaka, na hiyo ndiyo ninayoichapa na kuirudisha mapema. Zile zangu, za maharage na jioni, nawaonyesha kabla hazijatoka, na tayari zipo ambazo hazikutoka. Na wanaonitazama siwafuti.

Kazi za Smith zimehifadhiwa Tucson, Arizona, kwenye kituo cha picha cha chuo kikuu cha huko, mji aliofia mwaka 1978. Nakala zilizochapwa za ule msiba zimetawanyika duniani kote, wanawake wameinamisha macho. Kwenye negativu yenyewe hayajaguswa. Wawili wanamtazama mgeni aliyeingia.